Kabla hujawasha skuta, soma daraja la leseni yako

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi jijini Dar es Salaam alichoka kugombania daladala kila alfajiri. Akakopa kwenye kikoba, akanunua skuta. Chombo chepesi, hakina klachi wala gia za kukanyaga kwa mguu, kinakula mafuta kidogo, na ukiwa na sketi unapanda bila usumbufu. Leseni alikuwa nayo tangu zamani, aliikata kwa ajili ya gari dogo la nyumbani. Kofia ngumu pia alikuwa nayo, ila siku hiyo ilikuwa imefungiwa chini ya kiti kwa sababu alikuwa ametoka kusuka.

Jioni, kwenye njia panda yenye mchanga karibu na kwake, mtoto anayeuza karanga alikatiza ghafla. Mwalimu akabana breki ya mbele kwa nguvu zote. Gurudumu likateleza, skuta ikampiga mtoto mguuni, na yeye akaanguka ubavu, kichwa kikagonga ukingo wa barabara.

Akasimama mwenyewe. Akajifuta vumbi, akampa mtoto pole, akazungumza na watu waliojaa pale, akapanga na ndugu wa mtoto wampeleke hospitali. Kisha akaenda nyumbani kulala kidogo "kupumzisha kichwa". Saa mbili usiku mumewe alipokwenda kumwamsha ale, hakuamka.

Namshukuru Mungu kwamba leo ndiye aliyeniruhusu kusimulia habari hii. Alifanyiwa upasuaji wa kichwa usiku uleule, akapona, ingawa mpaka sasa anasahau majina ya wanafunzi wake na kelele za darasani zinampa maumivu ya kichwa. Mtoto wa karanga alivunjika mfupa wa ugoko. Habari ya nani alilipa matibabu yake nitairudia baadaye, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike.

Msomaji, wiki hii tutazungumza kuhusu leseni, bima na sheria za skuta. Najua utauliza: daktari na leseni, wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba kila sharti lililoandikwa kwenye sheria ya chombo hiki lina jeraha lake nyuma yake. Ukilisoma kama kero ya trafiki, utatafuta njia ya kulikwepa. Ukilisoma kama chanjo, utaikimbilia mwenyewe.

Mwili haujui cc

Watu wengi wanaichukulia skuta kama baiskeli iliyochangamka. "Ni ka-cc 50 tu," utasikia. "Ni kapikipiki ka kwendea sokoni." Kwa sababu ni ndogo, wanaona haihitaji leseni, haihitaji kofia, na mtoto wa sekondari anaweza kutumwa nayo dukani.

Tufanye hesabu kidogo. Mwendo wa juu ulioruhusiwa kisheria kwenye maeneo ya makazi hapa nchini ni kilometa 50 kwa saa, na skuta nyingi zinafika hapo bila shida. Ukigonga ukuta ukiwa kwenye mwendo huo, mwili wako unapokea pigo sawa na la mtu aliyeanguka kutoka juu ya mnazi wa karibu mita 10. Kwa kilometa 30 kwa saa, ni kama kuanguka kutoka mita tatu na nusu, yaani juu ya paa la nyumba ya kawaida. Fuvu halikuulizi umeangukaje wala injini ilikuwa na ukubwa gani.

Tena skuta ina hatari zake za peke yake. Magurudumu yake ni madogo, hivyo shimo ambalo pikipiki kubwa inalipita juu, skuta inatumbukia. Haina tenki la kubana kwa magoti, kwa hiyo ikiyumba unakosa pa kujishikilia. Na kwa kuwa haina klachi, anayejifunza akishtuka hukaza mkono wa kulia na kuongeza mafuta badala ya kupunguza. Breki zote mbili ziko mikononi. Asiyefundishwa hubana moja tu, ama ya nyuma isiyosimamisha vya kutosha, ama ya mbele kwenye mchanga kama mwalimu wetu.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023 kuhusu usalama barabarani, linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Katika kila watano wanaokufa, karibu mmoja alikuwa kwenye chombo cha magurudumu mawili au matatu. Nasi tunaoshinda hospitalini hatuhitaji ripoti kujua hilo. Pita wodi za mifupa siku ya Jumatatu asubuhi, baada ya mwisho wa wiki wenye sherehe, utaona miguu iliyofungwa vyuma imepangwa kitanda kwa kitanda.

Leseni ya gari si leseni ya skuta

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, wakiwamo wasomi. Leseni ya udereva Tanzania Bara haitolewi kwa "kujua kuendesha" kwa ujumla. Inatolewa kwa madaraja, na kila daraja lina chombo chake.

Daraja A ni la pikipiki yenye injini inayozidi cc 125, iwe na kigari cha pembeni au haina. Daraja A1 ni la pikipiki isiyo na kigari cha pembeni yenye injini ndogo kuliko hapo. Daraja A2 ni la vyombo vya magurudumu matatu au manne vya jamii ya pikipiki, bajaji ikiwamo. Daraja A3 ni la vile vidogo kabisa, baiskeli zenye injini isiyozidi cc 50.

Daraja D, ambalo wenye magari binafsi wengi wanalo, linaruhusu magari ya kawaida na linaacha pikipiki nje kabisa. Maana yake ni kwamba hata kama umeendesha gari miaka 20 bila kukwaruza mtu, siku unapopanda skuta na leseni yenye D peke yake, mbele ya sheria wewe ni mtu asiye na leseni. Mwalimu wetu hakulijua hilo. Kusema kweli, nilipowauliza wenzangu watano kazini, watatu hawakulijua.

Kwa hiyo chukua leseni yako sasa hivi uangalie daraja lililoandikwa. Halafu chukua kadi ya usajili wa skuta usome ujazo wa injini. Usitegemee maandishi yaliyobandikwa ubavuni mwa chombo, maana hayo ni ya biashara. Kinachohesabika ni kilichoandikwa kwenye kadi.

Kama skuta yako ni ya betri, haina cc, lakini usidanganyike kwamba haina sheria. Kabla ya kulipa, mtake muuzaji akuonyeshe nyaraka za usajili, na uulize ofisi ya TRA iliyo karibu inahitaji leseni ya daraja gani. Chombo kinachouzwa bila karatasi kitakuletea taabu siku utakayohitaji karatasi.

Wasomaji wetu wa Zanzibar, ambako vespa ni kama kiungo cha mwili, wakumbuke kwamba visiwani kuna sheria na mamlaka zake za leseni. Waulize huko huko. Habari ya fuvu na mifupa ni ileile pande zote mbili za bahari.

Njia ya kuipata

Njia yenyewe si ndefu kama inavyosemwa. Unaanza kwa kujiandikisha shule ya udereva iliyosajiliwa au chuo cha VETA, unakata leseni ya kujifunzia, ile tunayoiita lena, na unafundishwa. Ukimaliza, unafanyiwa mtihani na polisi wa usalama barabarani. Ukifaulu unapata cheti cha umahiri, na kwa cheti hicho, pamoja na kitambulisho cha taifa na namba ya mlipakodi, TRA wanakutolea leseni. Tangu mabadiliko ya mwaka 2019, leseni inadumu miaka mitano badala ya mitatu, na ada iliwekwa kuwa Sh70,000. Gawanya kwa miaka mitano, ni Sh14,000 kwa mwaka.

Kwa mwenye leseni ya gari, kinachofanyika ni kuongeza daraja. Naye anapaswa kufundishwa na kupimwa kwa chombo hicho kipya.

Usinunue cheti. Najua njia za panya zipo, na najua kuna watu wanajisifu kwamba leseni yao "ilipatikana mezani". Kwenye udereva wa pikipiki, mafunzo ndiyo dawa yenyewe, leseni ni kopo tu. Atakayekufundisha vizuri atakuonyesha jinsi ya kubana breki zote mbili kwa pamoja na taratibu, jinsi ya kuangalia nyuma ya bega kabla ya kukata kona, jinsi ya kupita kwenye mchanga na kwenye maji, na kwa nini usikae ubavuni mwa lori mahali ambapo dereva wake hakuoni. Kwenye kiwanja cha mafunzo, kosa linakuachia mchubuko. Barabara ya Morogoro haitakuwa na huruma hiyo.

Nawe mzazi unayetaka kumnunulia skuta mwanao wa sekondari kwa sababu amefaulu, mnunulie kwanza mafunzo na usubiri leseni. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye.

Macho, sukari, kifafa na dawa za mafua

Udereva unahitaji mwili unaofaa, na hapa naingia kwenye eneo langu. Kwanza macho. Simama hatua 25 za mtu mzima kutoka kwenye gari lililoegeshwa mchana, kisha jaribu kusoma namba zake. Ukishindwa, au ukilazimika kufinya macho, nenda kapimwe kabla hujapanda skuta. Mtoto wa jicho na presha ya macho huja polepole, mtu huzoea giza lake bila kujua. Kama umeandikiwa miwani, ivae unapoendesha. Miwani iliyo kwenye pochi haioni.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari ajue kwamba sukari ikishuka ghafla huleta kizunguzungu, jasho jingi, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Apime kabla ya safari, asiruke mlo, na awe na kitu kitamu mfukoni. Akianza kujisikia vibaya, asimame pembeni kwanza.

Mwenye kifafa asiendeshe mpaka daktari anayemtibu amthibitishie kwamba hali imetulia kwa muda wa kutosha. Najua ni maneno magumu kwa mtu ambaye skuta ndiyo riziki yake. Lakini degedege la sekunde 30 kwenye mataa linaweza kumaliza maisha yake na ya wengine.

Dawa zinasahaulika sana. Vidonge vya mafua na mzio vyenye chlorpheniramine, ambavyo wengi wanaviita Piriton, vinaleta usingizi. Dawa nyingine za kikohozi na za kutuliza maumivu makali nazo ni hivyo. Muulize mfamasia swali moja tu: nikinywa hii naweza kuendesha?

Kuhusu pombe, sheria yetu kwa dereva wa kawaida imeweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Kwa skuta, nakushauri kikomo chako kiwe sifuri. Gari lenye dereva mlevi angalau linasimama kwa magurudumu manne. Skuta inasimama kwa usawa wa ubongo wako, na huo ndio unaolewa mwanzo.

Kofia iliyo chini ya kiti haizuii kitu

Sheria inamtaka anayeendesha pikipiki avae kofia ngumu, na kanuni za pikipiki za biashara za mwaka 2010 zinamtaka abiria naye awe nayo. Kwenye skuta yako binafsi, usingoje kuulizwa. Yeyote unayempakia, mpe kofia.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliounganishwa pamoja ulionyesha kwamba kofia ngumu inapunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa takribani asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Katika tiba zangu zote, ni chache zinazoweza kujisifu hivyo, na hakuna inayouzwa kwa bei hiyo.

Lakini iwe kofia kweli. Tafuta yenye alama ya viwango, kama vile ECE 22 kwa ndani au nyuma. Iingie kwa kubana kidogo, ukitikisa kichwa isicheze. Funga mkanda wa kidevuni ubaki na nafasi ya vidole viwili tu, maana kofia isiyofungwa hufika chini kabla yako. Ikishapata pigo kubwa, itupe hata kama haionekani kupasuka. Ile povu ya ndani hufanya kazi mara moja.

Akina dada wananiambia tatizo ni msuko, na abiria wa bodaboda wananiambia tatizo ni harufu na fangasi. Yote mawili nayaelewa. Beba kitambaa safi au kofia nyepesi ya kuvaa kwa ndani, na ukiweza nunua kofia yako mwenyewe. Fangasi wa kichwani tunawatibu kwa dawa na wanaisha. Msuko unarudiwa Jumamosi. Ubongo ukichanika, hatuna mahali pa kuurudia.

Mishikaki na mtoto aliyesimama mbele

Pikipiki ni ya mtu mmoja na abiria mmoja. Kupakia mishikaki, baba mbele, watoto katikati, mama nyuma, ni kosa, na sababu yake ni ya kimwili kabisa. Uzito ukisogea nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unakosa mshiko. Breki nazo zilitengenezwa kwa ajili ya watu wawili.

Kanuni za mwaka 2010 zinamkataza dereva wa pikipiki ya biashara kubeba mtoto wa chini ya miaka tisa. Skuta yako haifanyi biashara, lakini sababu ni ileile. Mtoto mdogo miguu yake haifiki pa kukanyaga, mikono yake haina nguvu ya kujishikilia, na kofia ya mtu mzima humzunguka kichwani kama sufuria. Yule anayesimamishwa mbele kwenye sakafu ya skuta, breki ikibanwa, kifua na uso wake ndivyo vinavyokutana na usukani, kisha wewe unamfuata kwa uzito wako wote.

Na ikiwa unapakia watu kwa malipo, hata kama ni jirani mmoja kila asubuhi kwa makubaliano, umeingia kwenye biashara ya usafirishaji. Hiyo ina leseni yake, mbali na leseni yako ya udereva. Ulizia LATRA au halmashauri yako.

Kuhusu mavazi, ndala hazilindi vidole, na dera au kanga inayopeperuka huingia kwenye gurudumu. Vaa kiatu kilichofunika mguu, kusanya nguo, vaa kiakisi mwanga usiku. Ekzosi ikikuunguza, mwagilia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga.

Nani atalipa mguu wa mtoto wa karanga?

Sasa turudi kwa mwalimu. Skuta yake ilikuwa na bima, ile ndogo ambayo Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inaifanya kuwa ya lazima. Bima hiyo ipo kwa ajili ya mtu wa tatu, yaani yule unayemuumiza wewe. Haikutibu wewe na haitengenezi skuta yako. Mtoto wa karanga ndiye hasa aliyekusudiwa.

Mume wa mwalimu alipeleka karatasi zote kwenye kampuni ya bima. Jibu likaja kwa barua fupi: dereva hakuwa na leseni ya daraja la chombo alichokuwa akiendesha, kwa hiyo masharti ya mkataba yamevunjwa. Mikataba mingi ya bima ina sharti hilo, kwa maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma siku ya kulipia.

Familia mbili zikakaa kikao. Moja ilikuwa na mama aliyefunguliwa fuvu, nyingine ilikuwa na mtoto mwenye chuma mguuni ambaye karanga zake ndizo zilizokuwa zinanunua madaftari. Mwalimu alilipa kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara. Mtoto alikosa muhula mzima wa shule. Mfupa uliunga, lakini kwa kuchelewa, kwa sababu kliniki ya marudio ilitegemea nauli imepatikana au haikupatikana.

Hilo ndilo linaloniumiza. Upasuaji tuliuweza. Tulichoshindwa kukitibu ni herufi moja iliyokosekana kwenye leseni.

Kwa hiyo hakikisha mambo mawili. Bima yako iwe ya kweli na haijaisha. Stika inaweza kuhakikiwa kwa simu kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na kufanya hivyo ni dakika chache. La pili, kila anayeendesha skuta hiyo, awe mdogo wako, dada wa kazi au fundi anayeijaribu, awe na leseni ya daraja linalohusika. Ukimwazima asiye nayo, umemwazima na deni.

Wapo wanaopiga hesabu kwamba faini ni nafuu kuliko leseni. Ni kweli kwamba mwaka 2021 Serikali ilishusha faini ya makosa ya pikipiki na bajaji kutoka Sh30,000 hadi Sh10,000. Lakini faini si gharama ya kukosa leseni. Gharama halisi unakutana nayo dirisha la malipo la hospitali.

Ukianguka, au ukikuta aliyeanguka

Kilichompata mwalimu kinatupata mara nyingi, na kinaua watu ambao wangeweza kupona. Mshipa ulikuwa umechanika chini ya fuvu, damu ikawa inajikusanya polepole kati ya mfupa na utando wa ubongo. Katika saa za mwanzo mtu huwa timamu, anaongea, anatembea, watu wanasema "hana kitu". Kisha damu inaubana ubongo na anazama kwenye usingizi usio wa kawaida.

Yeyote aliyegonga kichwa aangaliwe na mtu mwingine kwa saa 24 za mwanzo, asiachwe peke yake. Mkimbize hospitali mara moja ukiona mojawapo ya haya: alipoteza fahamu hata kwa dakika moja, maumivu ya kichwa yanazidi, anatapika tena na tena, anasinzia isivyo kawaida au haamki vizuri, anachanganya maneno, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu umelegea, degedege, au maji maji na damu vinatoka puani au masikioni.

Pale barabarani, usimvute wala kumkunja ili apakiwe kwenye pikipiki kama gunia. Shingo inaweza kuwa imevunjika, na mkunjo huo mmoja ukamfanya apooze. Usimvue kofia ngumu kama anapumua vizuri, waachie wenye utaalamu. Usimpe maji wala maziwa, maana huenda akahitaji upasuaji, na asiye na fahamu atapaliwa. Damu inayotoka kwa wingi, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia. Mfupa uliotokeza nje, usiurudishe ndani. Ufunike kwa kitambaa safi, utulize mguu kwa ubao au mti ulionyooka, nendeni hospitali. Jeraha la namna hiyo linahitaji kusafishwa na dawa za kuua vijidudu ndani ya saa chache. Ukipitia kwanza kwa mvuta mifupa, unaweza kupoteza mguu.

Toa taarifa polisi, namba ya dharura ni 112, na upate fomu PF3. Fomu hiyo itahitajika hospitali, kwenye bima na mahakamani. Ila mgonjwa aliye hatarini anapaswa kutibiwa kwanza, fomu ifuate. Asife mtu mapokezi kwa kusubiri karatasi.

Anza leo

Tuna msemo kwamba ajali haina kinga. Nimeusikia msibani, nimeusikia wodini, na kila ninapousikia namkumbuka mwalimu na kofia yake iliyofungiwa chini ya kiti. Kinga ilikuwepo, sentimeta chache chini yake.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujawasha skuta kesho asubuhi, jiulize haya. Daraja la leseni yangu linalingana na kadi ya chombo hiki? Bima haijaisha? Nimefundishwa kweli, au nilijaribu tu kiwanjani jioni mbili? Macho yangu yanaona? Nimekunywa kitu au kumeza kitu? Kofia iko kichwani, mkanda umefungwa? Abiria wangu ni mmoja, naye ana kofia? Kama kuna swali limekukwamisha, panda daladala kwanza, ulimalize, ndipo uirudie skuta.

Mwalimu ameshaongeza daraja kwenye leseni yake. Kwa sasa haendeshi, ameniambia anangoja maumivu ya kichwa yatulie na daktari wake amruhusu. Skuta ameiegesha ukumbini, na kofia haikai tena chini ya kiti. Ameitundika kwenye msumari mlangoni, juu ya funguo, ili mtu asiweze kuchukua funguo bila kuigusa.

Nawe tafuta msumari wako.